Mchumba wangu ni Mwigbo. Je, naolewa na Okonkwo?

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 29, natokea Mwanza, wazazi wangu ni Wasukuma. Mchumba wangu ni Mwigbo wa Jimbo la Anambra, Nigeria, anauza vipuri vya magari Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tatu tunafahamiana. Sijawahi kumsikia akinipandishia sauti. Nilipomtaja nyumbani, baba mkubwa alikwenda kabatini akatoa riwaya ya Shujaa Okonkwo aliyoisoma enzi zake, akanionyesha mahali Okonkwo anapompiga mkewe, anapomuua mtoto aliyemlea, na mahali mapacha wanapotupwa porini. Shangazi akaongeza ya kwenye filamu: mjane ananyolewa kwa nguvu, mwanamume anamtoa mkewe kafara apate utajiri. Wananiuliza, hao ndio watu unaotaka kutuletea? Nimekosa la kujibu. Kuna ukweli kiasi gani? Na mahari yao ikoje? Nasikia orodha yake ni ndefu kuliko ya harusi yenyewe."

Marahaba, binti yangu. Umeniletea maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na kabla ya kujibu nataka niyatenganishe. La kwanza ni kama mila zilizomo kitabuni ni za kweli. La pili, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, ni kama utakuwa salama. La kwanza linaweza kujibiwa "ndiyo" na la pili likabaki pale pale.

Nimefundisha fasihi ya Afrika zaidi ya miaka ishirini, na minne kati ya hiyo niliishi upande ule, baina ya Nsukka na Onitsha. Baba mkubwa wako simlaumu hata kidogo. Amefanya anachopaswa kufanya baba: ameuliza binti anakwenda kwa nani. Tatizo ni kwamba amefungua kurasa za makosa ya Okonkwo na kuzifunga kabla hajafika pale watu wa kijiji walipomjibu.

Chinua Achebe, mwandishi wa kitabu hicho, alizaliwa mwaka 1930 Ogidi, Anambra, jimbo lile lile la mchumba wako, baba yake akiwa mwalimu wa kanisa. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1958, na Clement Ndulute akakitia Kiswahili mwaka 1973. Matukio yake ni ya mwishoni mwa karne ya 19, Wazungu wanapoanza kuingia. Kwa hiyo alichokiandika kuhusu viazi vikuu, kola (kokwa chungu ya kumkaribishia mgeni), baraza la wazee na posa kilitoka nyumbani kwao. Lakini Okonkwo mwenyewe hakuwekwa pale kama mfano wa Mwigbo. Amewekwa kama mtu aliyeogopa maisha yake yote kuonekana dhaifu kama baba yake, na hofu hiyo ikamfanya apite kipimo cha watu wake mwenyewe.

Mrudishe baba mkubwa kwenye ukurasa aliokuonyesha. Mke mdogo, Ojiugo, amekwenda kwa rafiki yake kusukwa nywele, akachelewa kurudi kupika. Okonkwo anampiga. Wake wenzake wanatoka mbio wakimsihi aache, kwa kuwa ni Wiki ya Amani, juma ambalo hakuna anayeruhusiwa hata kumtolea jirani neno kali kabla ya kupanda. Haachi. Jua halijazama, kuhani wa Ani, mungu wa ardhi, yuko mlangoni. Okonkwo anamkaribisha kwa kola, naye anaikataa, na kwa Mwigbo kukataa kola ya mwenyeji ni jambo zito kuliko matusi. Kisha anamtoza: mbuzi jike mmoja, kuku mmoja, kipande cha kitambaa na simbi mia moja, fedha ya enzi hizo.

Sitaki kukupamba ukweli. Kosa alilotozwa ni kuvunja amani ya juma lile. Baadaye anampiga mke mwingine, Ekwefi, kwa ajili ya mgomba, tena anamfyatulia bunduki na kumkosa, na hakuna kuhani anayekuja. Kitabu kinakiri kwamba kipigo kilikuwepo na mara nyingi kilipita bila kesi. Kwa Ikemefuna, yule mtoto aliyeishi naye miaka mitatu, mzee Ezeudu alimwonya waziwazi kuwa mtoto anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Akautia. Na rafiki yake Obierika akamwambia usoni kwamba yeye asingepinga amri ya mungu ya kumuua mtoto, ila asingekuwa wa kuitekeleza kwa mkono wake. Watu wa Umuofia, kijijini kwa Okonkwo, wenyewe walijua tofauti hiyo, nasi wasomaji tukiikosa tunawaonea.

Sasa njoo kwenye sura ambayo baba mkubwa hakukuonyesha, nami naiona ndiyo inayokuhusu kuliko zote. Mizimu tisa ya wahenga, yaani wazee waliovaa vinyago, inakaa kusikiliza kesi ya Uzowulu na mkewe Mgbafo. Uzowulu amezoea kumpiga. Siku moja kaka zake Mgbafo wameingia uani, wamempiga Uzowulu, wamemchukua dada yao na watoto, wamerudi nao kwao. Uzowulu anadai mke au mahari yake. Kaka mmoja anajibu kwamba akimtaka dada yao aje amwombe inavyopasa, na akimpiga tena watajua la kumfanya. Hukumu inatoka: Uzowulu achukue mtungi wa tembo la mchikichi, aende kwa wakwe akamsihi mkewe arudi, na ajue kuwa kupigana na mwanamke si ushujaa. Mzee mmoja anashangaa kwa nini jambo dogo hivyo limeletwa mbele ya mizimu. Mwenzake anamwambia, Uzowulu huyu hasikii uamuzi mwingine wowote.

Angalia kilichomwokoa Mgbafo. Si mume mwema, wala si sheria iliyoandikwa. Ni kaka zake, waliokaa umbali wa kutembea kwa miguu. Mahari katika mila ya Kiigbo haikati uzi kati ya binti na kwao. Akisha kuolewa anabaki binti wa ukoo wake, na mabinti wote waliozaliwa katika ukoo, wawe wameolewa wapi, wana chombo chao kinachoitwa umuada. Hao wakirudi nyumbani kwa msiba au ugomvi, hata kaka zao wakubwa huwasikiliza. Ukoo wa upande wa baba ndio umunna, na ndio unaopokea posa. Upande wa mama nao una nguvu zake. Okonkwo alipofukuzwa kwao, miaka saba ya uhamisho aliimalizia Mbanta, kwa wajomba zake, na mjomba wake Uchendu akamweleza kwa nini watoto wa kike huitwa Nneka, yaani mama ni mkuu: siku ya taabu mtu hukimbilia kwa mama.

Kwa hiyo baba mkubwa akisema mila zao ndizo hatari, mimi nakuambia hatari iko kwingine. Mila zile zina breki zake, na breki hizo ni watu: kaka, shangazi, umuada, mzee anayeweza kubisha hodi usiku. Wewe kaka zako wako Mwanza. Ukihamia Anambra au Lagos, utaingia ndani ya mila nzima ila upande unaomlinda mke utakuwa umebaki ng'ambo ya bara. Hilo ndilo la kulifanyia kazi, na linawezekana. Nitalirudia mwishoni.

Kuhusu wanawake wa Kiigbo kutokuwa na sauti, mwambie shangazi habari za mwaka 1929. Novemba ile, huko Oloko, mwanamke mjane aliulizwa na karani wa hesabu ya watu ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake. Wanawake wakaelewa kwamba wanakaribia kutozwa kodi. Walitumiana makuti ya mchikichi kama ujumbe, wakakusanyika kwa maelfu, wakawazingira machifu waliowekwa na Waingereza na kufanya walichokuwa wakiwafanyia tangu zamani waume wakorofi: "kumkalia" mtu, yaani kukaa uani kwake mkiimba aibu zake usiku na mchana mpaka akiri kosa. Askari wa kikoloni waliwaua kwa risasi zaidi ya wanawake 50. Lakini serikali ililazimika kuubadili mfumo wa machifu. Katika Shujaa Okonkwo utayaona haya kwa uchache, kwa kuwa jicho la kitabu liko begani mwa mwanamume mmoja. Flora Nwapa, mwandishi wa kike wa Kiigbo, alipotoa riwaya ya Efuru mwaka 1966, tulipata uani wa kina mama: mwanamke mfanyabiashara, mwenye heshima mjini, anayeanza maisha na mume kabla mahari haijatolewa, kisha wakaitafuta wakailipa. Ndoa mbili zinamshinda, na kila mara anarudi wapi? Nyumbani kwa baba yake. Tena uzi ule ule.

Mapacha ni kweli walitupwa, na kitabu kinalitaja kama uchungu, si fahari: mwanamke aliyejifungua mapacha mara nne, wote wakatupwa, ni miongoni mwa wanaokimbilia kanisani. Jambo hilo lilikwisha zamani. Leo mapacha huko wanapigwa picha na kuvalishwa sare kama kwenu.

Mjane kunyolewa na kudhalilishwa si hadithi tu. Yalitendeka, na mahali pengine mabaki yapo, ndiyo maana Jimbo la Enugu lilitunga sheria mwaka 2001 kulinda haki za wajane. Urithi vilevile: kwa mila, binti hakurithi ardhi ya baba. Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya Nigeria, katika shauri la Ukeje, ilitamka kwamba mila ya kumnyima binti wa Kiigbo urithi wa baba yake inapingana na katiba. Hukumu ipo. Kuifikisha hadi shambani kijijini bado ni kazi, na kama utazaa mabinti ni vema mumeo aandike wosia mapema.

Kafara ya utajiri imetoka kwenye filamu. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyochezwa kwa Kiigbo na kuuzwa kwa kanda, ilikuwa na kijana anayemtoa mkewe kafara, kisha mzimu wa mke unamwandama hadi anarukwa na akili. Iliuzika mno, wengine wakaiga, na shangazi amezitazama zile zilizoiga. Ni hadithi za onyo zilizotungwa na watu walioona utajiri wa ghafla mitaani kwao wakauogopa. Ukimpima Mwigbo kwa hizo, utakuwa kama mtu anayempima Msukuma kwa maigizo ya uchawi.

Lipo neno ambalo hukuuliza ila utalisikia: osu. Walikuwa watu waliowekwa wakfu kwa mungu fulani, wao na uzao wao, na watu huru hawakuoana nao. Kitabu kinawaonyesha wakiingia kanisani na kunyoa nywele zao ndefu. Bunge la Jimbo la Mashariki lilipiga marufuku ubaguzi huo mwaka 1956, lakini katika mambo ya ndoa minong'ono haijaisha. Wewe kama mgeni, hilo halikuhusu. Nakutajia ili ujue kwamba watu wake watawachunguza ninyi pia, ukoo wenu, magonjwa, sifa za mama yako. Ni hatua ya kawaida ya posa yao. Wajomba wasiikasirikie, waichunguze na familia yake kwa bidii ile ile.

Sasa mahari. Kwanza wanakuja kubisha hodi, na jina lao la hatua hiyo, iku aka, maana yake ndiyo hiyo hiyo. Hapo kola hutolewa na kuombewa, na wanasema kola haisikii Kiingereza, kwa hiyo dua itasemwa kwa Kiigbo na wazee wako wavumilie hadi mwisho. Anayewajibika kutoa kola ni mwenyeji, ila nina hakika wageni watabeba ya kwao wakijua Mwanza haiuzwi sokoni.

Fedha yenyewe mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani. Katika kitabu, posa ya Akueke haikupangwa kwa kupayuka bei. Baba yake, Obierika, anawakabidhi wakwe kifurushi cha njiti za ufagio, thelathini. Wanatoka nje wakashauriane, wanarudi na njiti kumi na tano. Kaka yake Obierika anasema hatukudhani tungeshuka chini ya thelathini, lakini ndoa iwe mchezo isiwe vita, anaongeza kumi. Wanakwenda, wanarudi, mpaka zinatulia ishirini, ndiyo mifuko ishirini ya simbi. Hakuna aliyetamka tarakimu mbele ya binti. Baadaye wanazungumza jinsi vijiji vingine vinavyopigania bei kana kwamba wananunua mbuzi, na wanalisema kwa kuchukizwa. Nimeona njiti hizo kwa macho yangu karibu na Awka: mzee alizipokea, akazihesabu kwa kidole gumba ndani ya kiganja kilichofumbwa, mtu wa pembeni asijue ngapi.

Kinachorefuka ni orodha ya vitu: viazi vikuu, tembo, vinywaji vya dukani, chumvi, vitambaa vya kina mama, vya vijana, vya umuada. Lakini sikiliza, orodha hutolewa na upande wa binti! Waigbo hufuata desturi ya kule anakotoka mke. Ukiolewa kutoka Mwanza, orodha ni ya baba yako, na kama ni ng'ombe, ni ng'ombe. Hofu ya daftari refu ni ya mchumba wako, si yako.

Nina jambo moja la kiafya, nalo limo kitabuni. Ekwefi alizaa watoto kumi, tisa wakafa wachanga, na wakasema ni ogbanje, mtoto mwovu anayekufa na kurudi tumboni kumtesa mama. Mganga alimkata maiti mmoja ili asirudi. Kwa miaka mingi sasa madaktari wameona kwamba sehemu kubwa ya familia zilizoambiwa zina ogbanje zilikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baba na mama wote wawili wakibeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Nigeria na Tanzania zote zimo katika nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na Kanda ya Ziwa kwenu ni miongoni mwa maeneo yenye wabebaji wengi. Makanisa mengi ya Nigeria huomba majibu ya kipimo kabla ya kutangaza ndoa. Nendeni hospitali mkapime wote wawili mwezi huu, kabla ya wazee kuketi. Mkikuta nyote ni wabebaji, uamuzi ni wenu, ila ufanyeni mbele ya daktari au mshauri wa vinasaba, msiufanye kwa simu usiku.

Yapo mengine ambayo mimi wa vitabu siwezi kukusaidia. Mwone wakili kuhusu aina ya ndoa. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inataka ijulikane kama ndoa ni ya mke mmoja au inaruhusu wengi, na inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Ndoa ya kimila ya Kiigbo haina kikomo cha wake, na mara nyingi haiandikishwi popote, kwa hiyo kujua kama ana mke kijijini ni kuuliza kijijini. Mzee wako azungumze ana kwa ana na mkubwa wa umunna yake, akisafiri ni bora zaidi. Kama mchumba wako anaahirisha kila mara mazungumzo hayo, hiyo ni dalili nzito kuliko chochote alichofanya Okonkwo. Na akikupiga hata mara moja, uwe Dar es Salaam au Onitsha, usingoje mila ifanye kazi. Toka, nenda kwa mtu unayemwamini na dawati la jinsia la polisi.

Sasa nirudi kwa kaka wa Mgbafo. Bibi harusi wa mbali akiolewa kule, nimeshuhudia zaidi ya mara moja wakimtafutia familia ya hapo ya kusimama kama wazazi wake siku ya igba nkwu, yaani kubeba tembo. Baba huyo wa kupewa humkabidhi binti kikombe, naye huzunguka katikati ya wanaume wanaomwita kwa vicheko huku na huku, mpaka amwone mumewe, apige goti, anywe kidogo, ampe. Wengi huichagua familia hiyo kwa kuwa ina ua mkubwa au iko karibu na ukumbi. Wewe ichague kwa jambo jingine. Mwombe mchumba wako familia isiyo na deni kwake wala kwa baba yake, yenye mama mkali na vijana wa kiume wazima. Kawatembelee kabla, kaa nao siku tatu, pika nao, chukua namba zao. Baba mkubwa awapigie yeye mwenyewe, awaambie: huyu ni binti yetu, akija kwenu usiku mfungulieni. Wakikubali mbele ya mchumba wako, naye akaitikia, basi utakuwa na kaka wa umbali wa kutembea kwa miguu.